Gari Lililofungwa Mnyororo Lisipae

Kwa muda mrefu, wanangu, niliamini kwamba gari la zamani la Kimarekani, lile la milango miwili na injini ya V8, ukilitobolea mdomo wa hewa kwenye boneti na kuuelekeza mbele, hupaa. Sisemi hukimbia sana. Nasema hupaa: magurudumu yanaiaga ardhi, dereva anasalimiana na kunguru dirishani. Na sikuamini kwa kusikia tu. Gari lenyewe nililikuta Guangzhou, kule China, limefungwa mnyororo sakafuni kama mbwa mkali.

Aliyenipa habari hizo ni Ochieng, Mkenya aliyekuwa akiwafungia mizigo wafanyabiashara kule mtaa wa Zhanqian, mtu wa maneno mengi na viatu vizuri.

"Buda, unaona hiyo cheni?" aliniambia siku ya kwanza nilipoliona gari. "Hiyo si ya wezi. Nani ataiba gari haina namba? Hiyo gari ilipaa. Iliruka ukuta wa hii kiwanda ikashukia kwa mto. Unadhani kwa nini serikali ya huku haitaki magari kama haya barabarani? Fikiria tu."

Nikafikiria tu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Msinicheke haraka. Mimi ni msomi. Ufundi magari niliusoma Ilala, shule ya jioni, nikahitimu wa kwanza darasani, na sioni haja ya kuwaeleza siku ya mtihani tulikuwa wangapi. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa kupenda kuvuka mipaka ya somo. Jioni moja, badala ya breki, alichora bawa la ndege ubaoni. Akaeleza hewa inavyopita juu, inavyopita chini, halafu akainua chaki na kusema, "Kwa hiyo kitu chochote, hata kiwe kizito namna gani, kikipata hewa ya kutosha..." Umeme ukakatika. Tukaenda nyumbani. Somo lililofuata likawa la gia boksi. Sentensi ile nilikaa nayo kichwani miaka na miaka, inasubiri mwisho wake. Ochieng alipokuja na hadithi ya mto, nikasema alhamdulillahi, mwisho huo umefika.

Guangzhou nilipelekwa na tajiri mmoja wa Kariakoo. Kazi yangu ilikuwa kumkagulia spea asiuziwe za bandia, na niliifanya vizuri kiasi kwamba wauza spea wakiniona kwa mbali walikuwa wanafunga milango na kuhama mji. Kisha tajiri akagundua mikoba ya Shiling, mji wa washona mikoba. Akaingia kwenye mikoba mzima mzima, akasahau spea, na mkoba, kama mnavyojua, hauna plagi. Nikabaki mjini na sanduku langu la spana na Kichina cha kuulizia bei.

Ndipo nikampata Bosi Liang. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye studio ya picha za harusi ndani ya kiwanda cha zamani cha kutia rangi vitambaa. Wenyeji walimwita laoban, yaani bosi, na hata mumewe alimwita hivyo hivyo. Pale studio palikuwa na ngazi isiyokwenda popote, dirisha lisilo na nyumba, na gari hilo la Kimarekani, jekundu, ambalo maharusi walilipanda wakapigwa picha wakijifanya wanaondoka. Hakuna aliyewahi kuondoka. Injini ikiwashwa ilikohoa kidogo, ikazima.

"Pengyou," akaniambia. Maana yake rafiki, na huko wanakuita hivyo hata wakiwa wamekukasirikia. Tuliongea kwa Kichina chake, Kichina changu na vidole ishirini, vyake na vyangu. "Jumamosi maharusi wa kwenu wanakuja. Gari litoke humu kwa nguvu zake, boneti imefungwa, liende mpaka ukuta mwekundu. Likitoka, wewe ni fundi wangu wa siku zote. Lisipotoka, anachukua yule."

Yule alikuwa jirani, mwenye mgahawa wa tambi na supu. Kila asubuhi alikuja na futi yake, akapima pale injini ilipokaa, akatabasamu, akaenda zake. Mpango wake ulikuwa kuing'oa ile V8 atie masufuria ya supu, wateja wakae kuizunguka boneti na vijiti vyao. Nikaitazama injini. Nikamtazama yule bwana na futi yake. Nawaambia wanangu, mimi nimezika watu ambao hawakunitia uchungu kiasi kile.

Haya, tufanye kazi sasa. Ukikuta injini inakohoa, usirukie kabureta na bisibisi kama mtu aliyetumwa na adui. Anza kule inakopumulia. Nilifungua chujio la hewa, lile sinia la duara linalokaa juu ya kabureta, nikakuta panya wamejenga. Na si kiota cha kimasikini. Walikuwa na kuta za pamba, zulia la shela ya bibi harusi, na nahisi kulikuwa na sebule. Injini kubwa namna ile ilikuwa inavuta pumzi kupitia nyumba ya watu. Bati la chujio nalo lilishaliwa na kutu.

Nikaenda soko la spea, nikanunua chujio jipya, refu kwenda juu, linalovuta hewa kama mzee anayevuta ugoro. Nikalipachika, nikafunga nati, nikaishusha boneti. Haikufunga. Ilikaa imeacha mdomo wazi kama mtu aliyesikia habari mbaya.

Hapo akaingia Shifu Huang. Shifu ni neno la heshima huko, wanamwita hivyo mtu mwenye ufundi mkononi, na huyu alitengeneza teksi maisha yake yote. Alikuwa anakuja kunywa chai pale mlangoni kutoka kwenye chupa yake ya kioo, majani yanaelea ndani kama shamba la mwani. Akatazama boneti, akanionyesha kwa mikono: chukua udongo laini, weka juu ya chujio, shusha boneti, inua, tazama udongo umebanwa kiasi gani. Hapo utajua nafasi iliyopo au iliyopungua.

Udongo laini sikuwa nao. Lakini Ochieng, aliyekuwa akishinda pale kunitazama, alikuwa na unga wa sembe.

Andikeni hili, maana vitabuni hamtalikuta. Ugali wa kupimia boneti usiwe ule wa mgonjwa. Uusonge mpaka mwiko uombe msamaha. Ukiwa wa vuguvugu, kata matonge ya ukubwa mmoja, weka moja mbele, moja nyuma, moja kulia, moja kushoto juu ya chujio, na juu ya kila tonge tandaza kipande cha nailoni usigande kwenye boneti. Kisha shusha boneti kwa mikono miwili, polepole, kama unamfunika mtoto. Ukiiachia ikadondoka, utapata chapati, na chapati haipimi kitu.

Nikafanya hivyo. Nikainua. La mbele limebanwa likawa jembamba kama kaki. La nyuma hivyo hivyo. La kushoto ndiyo kabisa. La kulia halikuwepo.

Nikakaa chini nikatafakari. Mbele, nyuma na kushoto hakuna nafasi, lakini kulia nafasi haina mwisho? Nikaanza kushuku injini yenyewe, kwamba hata ikiwa imezimwa inavuta. Ndipo nikamwona Ochieng ana uvimbe shavuni.

"Niliona imebaki, fundi," akasema. "Na ilikuwa imeiva poa."

Siku hizi nasikia mnaingiza simu chini ya boneti, inapiga picha na kukupimia hadi unywele. Vizuri. Lakini simu yako ikikosea, utaila na nini?

Nikalegeza, nikasaga kidogo ukingo wa juu wa chujio, nikapunguza urefu wa ile bolti ya katikati. Matonge mapya yakaonyesha nafasi ya kidole kimoja. Boneti ikafunga! Nikamwita Bosi Liang aje aone. Nikawasha. Wallahi, sauti ile iliwaamsha watu Foshan, mji wa jirani. Madirisha yakatetemeka, chai ya Shifu ikapiga mawimbi. Nikakanyaga mafuta.

Ngo!

Boneti ikaruka juu kwa macho yangu mawili. Nikakanyaga tena. Ngo! Nikatoka ndani ya gari lile kwa mlango ambao nadhani ulikuwa umefungwa.

"Meiyou wenti," akasema Shifu, yaani hapana tatizo, akaninyanyua kutoka nyuma ya ngazi isiyokwenda popote. Akaweka ngumi moja juu ya kiganja cha mkono mwingine, akaipindisha. "Injini imekaa juu ya mipira. Ukivuta mafuta inajipinda, upande mmoja unainuka, unagonga boneti. Pima inaponguruma. Usipime imelala."

Maneno ya dhahabu hayo, wanangu, nami nimeyatumia mpaka nastaafu: kitu kinachotikisika kipimwe kikitikisika, na uache vidole viwili, siyo kimoja. Lakini siku ile niliitikia kwa adabu tu, moyoni nikasema, huyu mzee ni mstaarabu, hataki kunitisha. Mimi nimeona. Gari limejaribu kuondoka.

Vidole viwili havikuwepo chini ya boneti ile. Ilibidi kuitoboa na kuweka mdomo wa hewa juu yake, ile kofia ya faiba inayotuna kama mgongo wa kobe. Kutoboa boneti ya watu kunahitaji nidhamu. Geuza kwanza uone mbavu zake zilipopita chini, usije ukakata ubavu boneti ikalegea kama mkeka. Bandika utepe wa karatasi wenye gundi, chora juu yake. Pembe zote zitoboe kwa keekee ziwe za mviringo, maana pembe kali ndiyo mlango wa ufa. Kata, piga tupa, ndipo upake rangi ya kuzuia kutu kabla hujaenda kula. Nati nazo ziweke kwenye kopo. Sakafu ya kiwanda kile ilikuwa ya ajabu: nati ikikuponyoka huku ndani, hupotezi muda kuitafuta, unaifuata mlangoni unaikuta imekusubiri. Niliona ni baraka ya mahali.

Ikaja sasa kuifunga ile kofia. Mdomo wake uelekee wapi?

Kila picha niliyoiona, mdomo unaelekea mbele, unameza upepo. Kila picha. Lakini mimi nilikuwa na sentensi ya mwalimu, nilikuwa na mnyororo, nilikuwa na ngo mbili za boneti. Mimi nimpe mnyama huyu hewa ya kutosha? Nikaigeuza. Nikaufunga mdomo uelekee nyuma, ukitazamana na kioo cha dereva.

Bosi Liang akaja, akainamisha kichwa huku na huku. "Kinyume," akasema.

"Fundi, umeiwekea mdomo kisogoni," akasema Ochieng.

"Nimekusudia," nikajibu, nikafuta mikono taratibu kama daktari.

Wakamwita Shifu. Moyo wangu ulikuwa unadunda kuliko ile injini, maana neno lake moja lingenipeleka uwanja wa ndege, na gari liende kwenye supu. Shifu akaweka chupa ya chai chini. Akapitisha kiganja juu ya boneti, akakifikisha kwenye kioo, akakisimamisha pale chini ya kioo. Halafu akatoa dole gumba.

"Upepo ukifika kwenye kioo unakwama, unarundikana hapa," akamwambia bosi. "Na hapa mbali na joto la injini. Amechukua hewa palipo na hewa. Huyu anajua."

Bosi Liang akanitazama upya.

"Ndivyo tulivyofundishwa Ilala," nikasema.

Jumamosi wakaja maharusi, Haji na Nasra. Haji alikuwa mwanafunzi, mpole, kavaa viatu vipya vyenye soli nene kama tofali. Nasra, mtoto wa Unguja, alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

"Mjomba," akaniambia huku akiipandisha shela ndani ya gari, "shangazi zangu wanasema harusi ya China ni ya plastiki. Leo nataka waisikie hiyo injini mpaka wameze mate."

"Mwanangu, wataisikia hata bila simu," nikasema.

Asubuhi ile nilikuwa nimechukua tahadhari ya mwisho. Nilipakia magunia ya mchele kwenye buti, kuliongezea gari uzito. Ochieng aliyabeba huku akinung'unika.

"Mchele wa nini?"

"Wa uwiano," nikamwambia.

Gari lilikaa limeelekea ndani, matako mlangoni, mnyororo umevutwa kutoka puani hadi kwenye pete ya chuma sakafuni, umekaza kama uzi wa gambusi. Haji akaketi kwenye usukani. Bosi Liang akasimama nje na kamera, Ochieng na simu ya kurekodi. Jirani wa supu naye alikuwepo, futi mfukoni. Nikampa Haji maelekezo, nikahakikisha gia iko huru, akawasha. Injini ikapokea kwa pumzi moja. Ikanguruma tamu, nene, bila kikohozi. Haji akakanyaga mafuta, nikasubiri ile ngo. Haikuja. Vidole viwili vyangu vilikuwepo. Shifu akainua chupa ya chai kunipongeza.

"Fungua mnyororo," akaita Bosi Liang.

"Bosi, si tungelitoa nao tu?"

"Fungua!"

Nikapiga bismillahi, nikaichomoa ndoana.

Wanangu, pua ya gari ikainuka. Magunia huku yamelikalia nyuma, mnyororo huku umeliachia mbele, pua ikapanda taratibu kama ng'ombe anayesimama, na gari likaanza kuondoka. Kinyumenyume.

"Linapaa!" nikapiga kelele. "Nasra, shuka! Linapaa!"

Kwa akili yangu ya siku ile kulikuwa na dawa moja tu, uzito mbele. Nikajirusha juu ya boneti, nikalala kifudifudi, nikaikumbatia ile kofia ya hewa kwa mikono na miguu. Tukatoka mlangoni hivyo. Haji akatafuta breki kwa vile viatu vyake vya tofali, akapata mafuta. Injini ikalia kama simba anayevutwa mkia, shela ya Nasra inapepea dirishani, mimi namtazama bwana harusi kupitia kioo, naye ananitazama.

"Mjomba!" anapiga kelele. "Unafanya nini?"

"Nakuokoa!"

Hapo ile kazi yangu ikajionyesha. Chujio lilikuwa linavuta kweli kweli. Likalishika pindo la shati langu, likalimeza kupitia mdomo wa hewa, kidogo kidogo, mpaka kitambaa kikaziba njia. Injini ikakohoa mara moja, ikazima. Lakini gari halikusimama. Likaendelea kwa upole, kwa mwendo wa mtu anayetoka msikitini, likaupita ukuta mwekundu, likavuka uwanja, likaenda kujilaza kwenye rundo la kabichi mbele ya mgahawa wa supu. Kabichi moja ikaviringika, ikapanda boneti, ikakaa karibu na kichwa changu.



Kisha Nasra akacheka. Alicheka mpaka hina ikatoa jasho. "Turudie!" akasema. "Haji, waambie turudie!"

Picha zile mpaka leo ziko Unguja, na wageni wote huuliza yule bwana aliyelala juu ya boneti na kabichi ni upande wa mume au upande wa mke. Shangazi walisema harusi ile ilikuwa na ngoma ya kipekee.

Lakini pale uwanjani mimi sikucheka. Nilikuwa nimebanwa shati kwenye mdomo wa gari, jirani yuko juu yangu ametoa futi yake, na Bosi Liang anakuja kwa hatua fupi fupi. Gari lilitakiwa litoke humo kwa nguvu zake, liende mpaka ukuta mwekundu, boneti imefungwa. Kutoka limetoka. Ukuta limeupita. Boneti nimeifunga kwa mwili wangu.

"Pengyou," akasema. "Kwa nini ulipanda juu?"

Nikamweleza. Maneno yalipokwisha nikatumia mikono, nikaitanua kama mabawa, kadiri shati lilivyoniruhusu. Nikamwonyesha mnyororo, nikamwonyesha mbingu, nikamwonyesha mto. Akamgeukia Ochieng. Ochieng akavitazama viatu vyake vizuri.

Bosi Liang akaenda mlangoni kwa Haji, akaingiza mkono katikati ya viti, akaivuta ile fimbo ya handbreki. Ikapanda juu bila kushika chochote, kama mwiko kwenye uji. Akaiachia, ikaanguka. Akamwashiria jirani arudishe futi mfukoni, ndipo akaniinamia.

"Haina handbreki," akasema. "Sakafu inateremka. Ndiyo maana ya mnyororo. Jumatatu uitengeneze."